Kuchagua tairi za drifti za gari la rimoti: anza na sakafu

Haipiti wiki bila kijana kunipigia au kunitumia ujumbe: "Kaka, ninunue tairi gani gari langu la rimoti lidrifti?" (yaani likate kona huku likiteleza kwa ubavu). Nami humrudishia swali: unachezea wapi? Hapo hunyamaza kidogo, maana alitarajia nimtajie jina la kampuni. Sina jina la kumpa, kwa sababu sakafu ndiyo inayochagua tairi. Tairi inayotulia vizuri kwenye marumaru za ukumbini italiwa upesi mno kwenye lami. Na ile ngumu ya kwenye lami, ukiipeleka kwenye sakafu ya niru, gari litazunguka kama pia.

Nimeandika hapa yote ninayowaeleza wanaoanza, kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe hapa Mbeya. Kama uko Iringa, Njombe, Mafinga au Tukuyu, mambo ni yaleyale. Sakafu zetu zinafanana, vumbi letu linafanana, na sote tunaagiza vitu kutoka mbali na kuvisubiri stendi. Vipimo nilivyotaja ni vya gari la umeme la uwiano wa 1/10, yaani moja ya kumi ya gari halisi. Kama lako ni dogo zaidi, la 1/16 au 1/24, fuata hatua zilezile ila upime upya kila kitu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Gari lenyewe na betri iliyojaa chaji. Betri iliyolegea hudanganya, utadhani tairi ndiyo mbaya.
- Spana ya boksi ya 7 mm, kwa nati za magurudumu.
- Kalipa ya kupimia vipenyo. Hata ya plastiki inatosha.
- Mizani ya ndoano, ile ya kupimia samaki au mabegi ya safari. Utaona kazi yake mbele.
- Chaki, futi kamba na kipande cha uzi imara.
- Ufagio laini na vitambaa viwili vikavu.
- Msasa laini na maka peni.
- Daftari. Usiache daftari.

Ukitaka kutengeneza tairi za bomba mwenyewe, ongeza msumeno wa chuma, tepu ya umeme na sufuria ya zamani ambayo haitarudi tena jikoni.

Jambo moja la kuelewa kwanza

Tairi ya drifti ya gari la rimoti si mpira, ni plastiki ngumu. Gari kubwa lina injini yenye nguvu ya kuushinda mpira wake. Letu lina uzito wa kilo moja na nusu hivi, na mpira ukishika lami hauachii: gari linapinduka, au mota inachemka, au gia zinakatika meno. Ndiyo maana tunapunguza mshiko. Lakini hatuumalizi. Tairi lazima ibaki na mshiko wa kulisukuma gari mbele wakati limekaa ubavu. Kwa hiyo, sakafu ikiteleza sana, tafuta tairi laini kidogo. Sakafu ikiwa inakwaruza, tafuta tairi ngumu.

Hatua ya 1: Ijue sakafu yako

Chuchumaa. Pitisha kiganja kikavu sakafuni, kisha kitazame. Kikitoka na vumbi, fagia na upitishe tena. Fanya hivyo pembe zote za eneo unalochezea na si pale mlangoni tu, kwa sababu sakafu moja huwa na tabia mbili: pale watu wanapopita kila siku imelainika, na pembeni bado inakwaruza.

Sakafu ya niru ndiyo tunayoipata kwa urahisi zaidi huku. Iko kwenye vibaraza, madarasa, makanisa na kumbi za kijiji. Saruji iliyopigwa niru vizuri ni laini kama sahani, na tairi ya plastiki ngumu hukosa pa kushika. Hapo unahitaji tairi za upande wa laini. Ila kuna jambo ambalo mafunzo ya kutoka nje hayataji: polishi nyekundu. Siku moja nililiendesha gari kwenye kibaraza cha shangazi yangu. Dakika kumi za mwanzo lilikwenda kama maji, kisha likaanza kukamata na kuachia, kukamata na kuachia. Nilipoligeuza, kila tairi ilikuwa na mkanda mwekundu unene wa karatasi. Niliukwangua kwa ukucha ukatoka kama nta ya mshumaa, kwa sababu polishi ni nta kweli. Tangu siku hiyo, sakafu yenye polishi mpya siigusi kabla wiki haijapita, na kila betri ikiisha nafuta tairi.

Marumaru na terazo zinateleza karibu sawa na niru, na vumbi lake hufagilika kirahisi. Ubaya wa marumaru ni ile mistari ya kati ya kigae na kigae. Kama imezama, gari linagonga na kuruka kidogo kila linapovuka, na kwa anayeanza ni vigumu kujua kama kosa ni la mkono au la sakafu. Terazo haina mistari ya namna hiyo. Kama una terazo karibu, omba ruhusa ya kuitumia.

Zege la kawaida, lile lililosawazishwa kwa ubao bila niru, linakwaruza kiasi. Tairi ngumu ya wastani inalifaa. Pevingi achana nazo. Hata zikipangwa vizuri zina maungio mengi, na gari la drifti huwa chini sana.

Lami ni ya aina mbili kwa mahitaji yetu. Ipo iliyoshindiliwa ikawa sawa, ambayo ukipitisha kiganja unahisi kama msasa. Na ipo yenye kokoto zilizojitokeza juu, kama barabara nyingi za mitaani. Ya kwanza inachezeka kwa tairi ngumu zaidi unazoweza kupata. Ya pili hutafuna plastiki, usiwekeze tairi nzuri hapo. Na popote penye lami, cheza ndani ya uwanja uliofungwa. Barabara ya malori ya kwenda Tunduma si mahali pa gari lenye urefu wa nusu mita.

Neno moja kuhusu ushauri wa nje: Ulaya na Marekani wengi huchezea kwenye zulia maalumu au zege lililong'arishwa kwa mashine, na Japani kuna viwanja vingi vyenye vigae vya plastiki. Ukisikia mtu wa huko anaisifu tairi fulani, tafuta kwanza alikuwa juu ya sakafu gani. Maneno "tairi ya zulia" kwenye pakiti hayakusaidii kitu hapa Mbeya.

Hatua ya 2: Lijue gari lako

Ligeuze juu chini, zungusha magurudumu yote mawili ya nyuma kwa pamoja kwa mkono. Ya mbele yakizunguka pamoja nayo, gari linasukumwa na magurudumu yote manne, kama Tamiya TT-02D. Hilo linasamehe. Tairi ngumu haziliangushi sana kwa sababu hata la mbele linavuta. Ya mbele yakikaa kimya, gari linasukumwa nyuma tu, kama Yokomo YD-2 au MST RMX. Hilo linahitaji jairo, kifaa kidogo kinachohisi mkia ukiteleza na kurekebisha usukani chenyewe, na linajali sana tairi. Tofauti ndogo ya mshiko ambayo gari la magurudumu manne halitaihisi, hili litakuonyesha kwenye kona ya kwanza.

Anayeanza na gari la kusukumwa nyuma, ushauri wangu ni mmoja: anza na tairi laini kuliko unavyodhani unahitaji. Jifunze kulishika kwanza, kuteleza sana kutafuata.

Magari madogo ya madukani, yakiwemo yale yenye umbo la kirikuu, mara nyingi yana rimu za vipimo vyao wenyewe. Usidhani rimu ya gari la rafiki yako itaingia. Pima.

Hatua ya 3: Pima rimu

Gari nyingi za 1/10 hutumia kitako cha pembe sita cha 12 mm nyuma ya rimu. Fungua nati, toa gurudumu, pima upana wa hicho kitako kutoka ubapa hadi ubapa. Kikiwa 12, uko kwenye njia ya wengi.

Kisha pima upana wa rimu. Za drifti kwa kawaida ni 26 mm. Pima na kipenyo cha ukingo wa nje, halafu andika daftarini. Kipenyo cha nje cha tairi ikiwa imefungwa huwa karibu 60 hadi 63 mm, na zote nne zikae sawa.

Kuna kipimo cha tatu kinachosahaulika: ofseti, yaani rimu imechomoza nje kiasi gani. Huandikwa kwa milimita, 3, 6, 8 na kuendelea. Ukiongeza ofseti bila kufikiri, tairi itakwaruza bodi gari likikata kona, na utasikia mlio ambao wengi hudhani ni mota.

Hatua ya 4: Chagua plastiki

Hapa ndipo penye uamuzi wenyewe, na kifaa cha kwanza ni ukucha wako. Bonyeza ukucha wa gumba juu ya tairi kwa nguvu, kisha itazame kwenye mwanga. Ikibaki alama ya mwezi mwandamo, ni ya upande wa laini. Ikibaki safi kabisa, ni ngumu. Kipimo hiki hakitoshi, lakini kinakulinda dukani.

Plastiki utakazokutana nazo:

HDPE ni ile plastiki ya mabomba meusi ya maji yenye mstari wa buluu. Ukiishika ni kama imepakwa nta. Inateleza sana na haikwanguki upesi, kwa hiyo ni ya lami na zege linalokwaruza. Ukiiweka kwenye niru utahangaika.

PVC inashika zaidi kidogo ya HDPE. Kwenye zege la kawaida inakwenda vizuri, kwenye niru inavumilika, na kwenye lami huisha haraka ikitoa unga mweupe au wa kijivu.

Tairi za kiwandani za mchanganyiko maalumu, za kampuni kama DS Racing, MST, Yokomo au Reve D, huja na maelezo ya sakafu kwenye pakiti. Hizi ndizo za kununua kwa ajili ya niru, marumaru na terazo. Huko mabomba hayatakupa mshiko unaotosha, na gari la kusukumwa nyuma litakukatisha tamaa kabla hujajifunza. Tafuta zilizoandikiwa zege lililong'arishwa, ndilo jamaa wa karibu wa niru.

Tairi za mpira zilizokuja na gari, ziweke kabatini.

Hatua ya 5: Nunua nne kwa mpigo, na uzikague

Usinunue mbili leo na mbili mwezi ujao. Hata jina likiwa lile lile, huenda toleo likawa jingine.

Mwaka jana niliagiza seti nzima kutoka kwa muuzaji wa Dar, ikaja kwa basi, pakiti moja, maandishi yaleyale. Nilipozifunga, gari lilidrifti kushoto kama limezaliwa hivyo. Kulia lilikuwa linazunguka na kutazama lilikotoka. Jumapili mbili nzima nilihangaika na jairo, nikapunguza, nikaongeza, nikabadili pembe za magurudumu, nikachoka. Jumapili ya tatu nilizivua zote nne nikazipanga mezani, nikabonyeza ukucha moja baada ya nyingine. Mbili zilipokea alama, mbili zilikataa. Nilikuwa nimefunga ngumu zote upande mmoja bila kujua. Muuzaji huenda naye hakujua, lakini muda wangu haukurudi.

Kwa hiyo pakiti ikifika, kabla hujafunga chochote: bonyeza ukucha zote nne, pima kipenyo cha kila moja sehemu mbili zinazokatana kama msalaba, na kama una mizani ndogo ya gramu pima na uzito. Zikitofautiana, mpigie muuzaji siku hiyo hiyo, kabla hazijagusa sakafu.

Hatua ya 6: Zifunge

Tairi nyingi za drifti hukaa kwenye rimu kwa kubana tu, bila gundi. Ikikataa kuingia, iloweke kwenye maji ya moto dakika mbili tatu, itoe kwa kijiko, isukume kwenye rimu ukiwa umevaa glavu au umeshika kitambaa. Hapa Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, na yanatosha kabisa. Usiipitishe tairi juu ya moto wa jiko. Inapinda upande mmoja na hairudi.

Ikishaingia, zungusha gurudumu kwenye ekseli na ulitazame kwa ubavu. Likiyumba, bado halijakaa. Libonyeze sakafuni mzunguko mzima mpaka litulie.

Sasa chukua maka peni, andika ndani ya kila rimu: MK kwa mbele kushoto, MU kwa mbele kulia, NK na NU kwa nyuma. Hii ni kazi ya dakika moja ambayo wanaoanza wote huiruka. Magari mengi ya kusukumwa nyuma hulaza magurudumu ya mbele nyuzi 5 hadi 8, kwa hiyo tairi hugusa sakafu kwa ukingo wa ndani na huchongeka taratibu kufuata mlalo huo. Ukiivua na kuirudisha upande mwingine au sehemu nyingine, eneo linalogusa sakafu linabadilika, na gari lililokuwa limetulia jana leo halieleweki. Alama ya maka peni inakuokoa.

Hatua ya 7: Zizoeshe

Tairi mpya inang'aa, na mng'ao huo hauna mshiko wa kweli. Ipitishe msasa laini kidogo tu, kwa kuizungusha, mpaka mng'ao ufifie. Kisha endesha betri mbili bila kubadilisha chochote kwenye gari. Narudia: usiguse jairo, usiguse pembe, usiguse kitu. Mshiko unabadilika ndani ya hizo betri mbili, na ukianza kurekebisha mapema utakuwa unakimbiza kivuli.

Hatua ya 8: Pima mshiko kwa mizani ya ndoano

Funga uzi katikati ya ubavu wa chasisi, usawa wa chini kabisa. Vuta gari kwa ubavu, polepole, kwa mizani ya ndoano, mpaka lianze kuteleza na liendelee kuteleza. Lazima ulivute kwa ubavu, kwa sababu ukilivuta mbele magurudumu yatazunguka na hutapima kitu. Soma mizani likiwa linateleza. Rudia mara tano, andika namba ya katikati.

Gawa namba hiyo kwa uzito wa gari. Mfano: gari la gramu 1,500 likivutwa kwa gramu 450, unapata 0.3. Likivutwa kwa gramu 300, unapata 0.2. Namba hii peke yake haikuambii tairi ni nzuri. Faida yake ni kulinganisha. Ukishapata siku ambayo gari linakwenda unavyotaka, pima na uandike sakafu, tairi na namba. Mwezi ujao ukienda ukumbi mwingine, vuta gari kabla hujaliendesha. Namba ikishuka sana, unajua mapema ubadilishe tairi au ufagie tena.

Daftari langu limenionyesha pia kwamba sakafu ileile hubadilika. Asubuhi ya Juni au Julai, baridi ikiwa imekaa, plastiki inakuwa ngumu zaidi na mshiko unapungua. Saa saba mchana jua likishaingia ukumbini, umerudi. Usinunue tairi mpya kwa sababu ya asubuhi moja ya baridi.

Hatua ya 9: Duara la chaki

Chora duara lenye kipenyo cha mita mbili kwa kutumia uzi na chaki. Weka kopo katikati. Zunguka kulia mpaka utimize mizunguko mitano bila gari kugeuka kutazama lilikotoka, kisha kushoto vilevile. Ukiweza pande zote, tairi zako zinaifaa sakafu hiyo. Ukiweza upande mmoja tu, rudi hatua ya 5.

Kutengeneza tairi za bomba

Ukiwa na lami au zege na pesa ni ndogo, bomba linatosha, na ndivyo wengi wetu tulivyoanza. Uliza mabaki kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi pale Mwanjelwa, hapa Mbeya, au kwa fundi bomba yeyote. Mara nyingi kipande cha sentimita 20 hutupwa.

Unachotaka ni bomba lenye kipenyo cha nje cha 63 mm. La HDPE la daraja la shinikizo la PN 16 lina unene wa 5.8 mm, kwa hiyo tundu lake ni 51.4 mm. La PN 10 lina unene wa 3.8 mm, tundu 55.4 mm. Rimu yangu ina 52 mm ukingoni, kwa hiyo PN 16 ikilainishwa kwa maji ya moto inaingia kwa kusukuma na kubana ikipoa. PN 10 inapwaya, inabidi kuizungushia rimu tepu ya umeme mpaka ijae. Ndiyo maana nilisema pima rimu.

Chagua kipande kilichonyooka. HDPE ya 63 mm huja ikiwa imeviringishwa, na bomba lililoviringishwa huwa la umbo la yai. Pima vipenyo viwili vinavyokatana. Tofauti ikizidi nusu milimita, kiache.

Zungushia karatasi iliyonyooka kwenye bomba, chora mstari kufuata ukingo wake, kata kwa msumeno wa chuma pete za 26 mm. Usizamishe msumeno upande mmoja hadi mwisho. Kata kidogo, zungusha bomba, kata kidogo. Ukipata fundi mwenye mashine ya kukerezea vyuma, mwombe azikereze zote nne pamoja, zitatoka sawa kuliko mkono wowote.

Maonyo mawili. Supa gluu haishiki HDPE, usiipoteze. Na usikate PVC kwa kisu kilichopashwa moto wala kuichoma. Moshi wake una asidi na unaumiza mapafu. Hata vumbi la msumeno, fagia ukiwa umefunika pua.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kufunga tepu ya umeme juu ya tairi za mpira. Inateleza dakika chache, kisha inachanika na kujiviringisha kwenye ekseli. Nimewahi kusaidia kukata tepu iliyokuwa imeingia hadi kwenye beringi.

Kuweka tairi ngumu nyuma na laini mbele kwa kusikia kwamba "nyuma ndiyo inayoteleza". Anza na nne zinazofanana. Ukishaweza duara la chaki pande zote, hapo jaribu.

Kupiga deki kwa sabuni kabla ya kuchezea. Utando wa sabuni unabaki, na unateleza kuliko vumbi. Maji matupu, kisha subiri pakauke kabisa. Umande wa asubuhi nao ni maji, na vifaa vya umeme vya gari havipendi.

Kubadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja. Hutajua kipi kilisaidia.

Shida na tiba

Gari linageuka mara tu ukikanyaga mafuta: mshiko wa nyuma ni mdogo. Futa tairi kwa kitambaa kikavu, fagia, jaribu tena. Likiendelea, tafuta tairi laini zaidi. Kabla ya hapo hakikisha jairo imewashwa na inakunja usukani upande sahihi: geuza mkia wa gari kwa mkono kwenda kulia, na magurudumu ya mbele yanapaswa kuelekea kulia pia, kule mkia ulikokwenda.

Gari halitelezi, linakata kona kama gari la mashindano: tairi ni laini mno kwa sakafu hiyo, au zimeshika nta ya polishi. Kwangua kwanza kabla ya kununua.

Mbele haishiki, gari linakwenda moja kwa moja ukikunja: tazama tairi za mbele. Chembe za mchanga zikijikita kwenye plastiki hufanya kazi kama gololi. Zing'oe kwa ncha ya sindano, kisha msasa kidogo.

Linatikisika likiwa kwenye kasi: tairi haijakaa kwenye rimu au pete ni ya umbo la yai. Vua moja moja upime.

Tairi inazunguka peke yake, rimu imesimama: imepwaya. Chora mstari wa maka peni kuanzia rimu hadi tairi ili uthibitishe. Mstari ukikatika baada ya mizunguko michache, vua, ongeza tepu safu moja, rudisha.

Upande mmoja mzuri, mwingine mbaya: linganisha kuchongeka kwa tairi za kushoto na kulia. Kama umekuwa ukizunguka upande mmoja tu kwa wiki nzima, upande wa nje umechongeka zaidi. Endesha betri nzima ukizunguka upande mwingine, kisha pima tena kwa mizani kabla hujagusa kitu kingine.